Kidonge cha Nane

Kazi ya ishirini na saba ndiyo iliyomkera mwalimu wa hesabu. Zilizotangulia zilikuwa na makosa yale yale ya siku zote: mmoja kasahau kuzidisha, mwingine kanakili ya jirani yake pamoja na kosa la jirani, mwingine kajaza ukurasa mzima vidonge vyenye macho na midomo akitarajia alama za uchoraji. Hayo aliyazoea. Lakini hii ilikuwa ya mwanafunzi wake bora, binti mwembamba, mnyoofu, ambaye kidato kizima cha tatu kilimwita Rula, na Rula alikuwa ameligeuza swali.

Ilikuwa Jumapili kabla ya adhuhuri. Mwalimu alikuwa ameinama kwenye meza ya sebuleni, kalamu nyekundu mkononi, kazi thelathini na nne mbele yake, na alama zilitakiwa ofisini kesho yake. Mwaka huo wakubwa wa elimu walikuwa wameleta jambo jipya: kila mwanafunzi aunde modeli. Yaani mtoto achukue jambo la maisha, aligeuze kuwa hesabu, alikokotoe, kisha alirudishe kwenye maisha aone kama linasimama. Walimu walipewa semina ya siku mbili, chai mara nne, na karatasi ya mwongozo wa kusahihishia yenye vipengele vitano: vigeu (vitu vinavyobadilika), dhana, hesabu, uhakiki, tafsiri. Kila kipengele alama nne, jumla ishirini.

Swali alilitunga mwenyewe na alijivunia. Mgonjwa wa miaka sabini na nne anameza kidonge kimoja cha dawa ya moyo kila siku. Kila siku mwili unaondoa theluthi moja ya dawa iliyomo. Dawa ikizidi kiasi cha vidonge vinne mwilini, ni hatari. Je, mgonjwa yuko salama? Jibu lilikuwa zuri, la kutuliza moyo: dawa inapanda, inapanda kidogo kidogo, kisha inatulia kwenye vidonge vitatu, na haivuki hapo hata mgonjwa akimeza mwaka mzima.

Rula alikuwa ameikata theluthi na kuandika moja ya tano. "Dhana: mtu wa umri huu mwili wake unaondoa moja ya tano tu kwa siku." Hakutaja kitabu wala mtu aliyemwambia.

"Nani kakutuma?" mwalimu aliiuliza karatasi.

Vigeu alimpa nne. Dhana alimpa sifuri, na pembeni akaandika: "Umepewa theluthi. Usibadili swali." Hesabu alimpa tatu za kumhurumia, kwa kuwa mpangilio ulikuwa safi. Halafu akafanya kama walivyofanya walimu wote wa hesabu aliowahi kukaa nao meza moja: kosa likianzia juu, ya chini hayasomwi. Alipiga mstari mrefu wa mshazari juu ya kurasa mbili zilizobaki, akazungushia saba juu ya ishirini, akavuta kazi ya ishirini na nane.

"Mke wa mwanangu," sauti ya mama mkwe wake ilitoka chumba cha nyuma.

"Abee, Mama."

"Njoo uniambie maziwa haya umeyatia nini."

Mwalimu aliinuka. Mama mkwe alikuwa ameegemea mito miwili, glasi ya maziwa mkononi, ameishika mbali na mwili kama kitu kilichookotwa.

"Sijayatia kitu, Mama. Ni maziwa tu."

"Mbona ya manjano?"

Mwalimu aliyatazama. Yalikuwa meupe pee. "Meupe, Mama."

"Basi mimi ndiye mwongo." Bibi alimrudishia glasi. "Jana chai ya maziwa, manjano. Leo maziwa, manjano. Na shuka hizi sijui unazifulia nini. Kunywa wewe."

Hayo yalimuuma mwalimu. Tangu jana jioni chakula kilikuwa kikitoka chumbani kama kilivyoingia, na yeye alikwisha amua moyoni mwake kwamba mama mkwe hapendi mapishi yake, hajawahi kuyapenda, ila sasa ugonjwa umempa ruhusa ya kusema. Mumewe, fundi wa majokofu, alimwambia asijali. "Mzee anadeka. Akiwa mzima alikuwa hadeki, sasa amepata nafasi."

Saa saba kamili mwalimu alileta kidonge na maji. Siku bibi alipotoka hospitali, daktari alikuwa amelisisitiza hilo moja tu: asikose hata siku moja. Bibi alikitazama kile kidonge kidogo, akafumba mdomo.

"Kinarudi," alisema. "Nikimeza kinarudi."

"Meza, Mama. Ni kwa ajili ya moyo wako."

Bibi alimshika mkono, akameza, akakaa macho yamemtoka mpaka kikashuka. Mwalimu alimfuta mdomo kwa kitambaa. Kisha akaenda kwenye kalenda ya ukutani akatia alama ya siku ile. Ilikuwa alama ya tisa.

*

Jumatatu, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, mwalimu alirudisha kazi. Kulikuwa na minong'ono ya kawaida, mwenye alama kumi na nane akimwonyesha mwenye kumi na tano, mwenye sita akiikunja yake mfukoni. Rula alifungua yake, akaifunga, akasimama.

"Mwalimu, naomba unionyeshe kosa langu."

"Limeandikwa hapo kwa wino mwekundu. Umebadili swali."

"Swali limesema ana miaka sabini na nne."

"Limesema pia theluthi."

"Mtu wa miaka sabini na nne hatoi theluthi, mwalimu."

"Umejuaje?"

Rula alisita. "Nilipima."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Hongera. Nyumbani kwenu mna maabara, na sisi hapa hata mzani hatuna."

Darasa lilicheka, na mwalimu naye alifurahi kidogo, maana kipindi cha Jumatatu mchana ni kirefu na kicheko hukifupisha. Rula hakucheka wala hakununa. Alisubiri kelele zitulie.

"Naomba tu unionyeshe kosa kwenye hesabu, mwalimu. Kama lipo."

"Alama hazibembelezwi. Keti."

"Siombi alama."

"Keti, nimesema."

Aliketi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo dawati la mbele peke yake lilipaswa kuisikia, "Hukusoma ukurasa wa mwisho."

Mwalimu aliisikia, na ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Kengele ilipogonga, saa sita na nusu, alinyoosha mkono. "Lete hiyo kazi." Alikuwa na nia ya kuisoma, kutafuta makosa mengine matatu, na kumwita mtoto huyu jioni amfundishe adabu.

Aliisomea palepale kwenye meza ya mbele, darasa likiwa limebaki tupu. Chini ya mstari wake mwekundu kulikuwa na jedwali. Kidonge cha kwanza, 1. Cha pili, 1.8. Cha tatu, 2.44. Alifuatilia kwa kidole, akikokotoa kichwani. Hakukuwa na kosa. Cha saba, 3.95. Cha nane, 4.16. Chini ya jedwali, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, palikuwa na tafsiri:

"Mgonjwa hayuko salama. Kuanzia kidonge cha nane atakataa chakula na kusema kinarudi. Ataona vitu vyeupe kuwa vya manjano. Watu wa nyumbani watadhani anawasumbua. Mapigo ya moyo yatakuwa ya polepole. Asipewe kidonge kingine. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo."

Mwalimu alisoma mara ya pili, na alipofika kwenye neno manjano kidole kilisimama. Alianza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi alianza dawa Jumamosi, siku tisa zilizopita. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alihesabu mpaka akafika Jumamosi ya juzi, siku ya chai ya manjano, na ilikuwa ya nane. Akahesabu upya akitumaini amekosea. Ilikuwa ya nane.

Ndipo lilipomjia lile lililomtisha zaidi. Swali lile hakulitoa kitabuni. Alilitunga Jumamosi ile ile bibi alipotoka hospitali, akiwa amekunjua karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, akifurahia kwamba maisha yamemletea swali mpaka mezani. Na kwenye karatasi ile kulikuwa na sentensi moja, katikati, ikisema kwamba kwa wazee na wenye figo dhaifu dawa hukawia kutoka mwilini na kipimo kipunguzwe. Alikuwa ameisoma. Aliona itawachanganya watoto, akairuka.

Saa sita na dakika thelathini na nane. Saa saba mumewe angefika nyumbani kutoka karakana, kama kila siku ya kazi, kumpa mama yake kidonge.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mumewe alikuwa na tabia ya kuiacha simu ndani ya begi la spana, na mara ngapi walikwisha gombana juu ya hilo. Alitoka darasani mbio, mkoba ukimpigapiga nyonga, akapita geti la shule bila kuaga. Wanafunzi waliokuwa nje walishangaa, maana hawakuwahi kumwona mwalimu wa hesabu akikimbia, na mmoja akamuiga. Hakumsikia. Kutoka shuleni mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mtu mwenye viatu vya kufaa. Kwenye kona ya pili alivua vyake akavishika mkononi.

*

Alimkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, kidonge kwenye kiganja, glasi ya maji mkono wa pili. Bibi alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Afadhali umekuja," fundi alisema. "Msaidie kumkalisha. Leo amegoma kabisa."

"Usimpe."

"Eti?"

"Usimpe hicho kidonge. Kiweke chini." Alikuwa akihema, soksi zimejaa vumbi. Fundi alimtazama miguu, kisha uso.

"Mwalimu, kumetokea nini?"

Alimpa ile kazi. Fundi alikuwa mtu wa kusoma polepole, na mkewe alisimama akimtazama akisoma. Alipomaliza hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepewa vipuri vya mashine nyingine.

"Hii ni kazi ya mtoto."

"Ndiyo."

"Na umempa saba."

"Nilikosea."

"Daktari kasema asikose hata siku moja. Daktari, mke wangu. Mama ana moyo mbovu. Nikimnyima dawa leo kwa sababu ya kazi ya nyumbani ya mtoto, halafu moyo ukasimama, nitamwambia nani?"

Hilo mwalimu alikuwa amelifikiria njia nzima. Labda mtoto kabahatisha. Labda bibi ana homa tu. Labda dawa hii ndiyo inayomshikilia, na yeye na Rula wanataka kuikata. Alikwenda kwenye faili lake la maandalio ya masomo akatoa karatasi ya dawa, nyembamba, imekunjwa mara nane, akamwekea kidole kwenye ile sentensi.

Fundi alisoma.

"Karatasi hii ilikuwa kwenye faili lako?"

"Ndiyo."

"Uliisoma hii?"

"Niliisoma."

"Lini?"

"Jumamosi aliyotoka hospitali."

"Na ukafanyaje?"

"Niliiondoa," mwalimu alisema. "Swali lingekuwa refu."

Angependa amfokee. Fundi alikiweka kile kidonge juu ya kimeza, taratibu, akajifuta kiganja kwenye suruali. Halafu akamwinamia mama yake, akamwita kwa sauti ya utotoni mwake, akamuuliza kama anaweza kusimama. Bibi alijaribu. Magoti yalimlegea, akarudi kitandani.

"Nyumba imekuwa ya manjano yote," bibi alisema. "Hata wewe, mwanangu. Hata wewe."

Fundi alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na mwalimu alifuata na shuka, boksi la dawa, na kazi ya Rula.

*

Tabibu wa zamu alikuwa kijana, ana kalamu tatu mfukoni na watu arobaini kwenye benchi. Alimsikiliza mwalimu huku akiandika jambo la mgonjwa mwingine.

"Kwa hiyo leo hajameza."

"Hajameza. Tumeogopa kumpa."

"Mama, hii dawa haiachwi hivi hivi. Watu wanaacha dawa wakijisikia vibaya kidogo, halafu wanatuletea maiti. Nani kawaambia muache?"

Mwalimu aliona afadhali angesema ni jirani. Aliiweka ile kazi juu ya meza, akaifungua kwenye jedwali. Tabibu aliigeuza kwanza akaona jalada, jina la shule, darasa, na saba juu ya ishirini imezungushiwa.

"Hii ni nini?"

"Ni modeli. Inaonyesha dawa inavyojikusanya mwilini. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Na huyu mwanafunzi amefeli."

"Hakufeli."

"Saba kwa ishirini." Aliinua macho kwa mara ya kwanza, na mtu wa kwanza kwenye benchi akanyoosha shingo aone. "Mwalimu, wewe mwenyewe umemkatalia. Umechora mpaka mstari kurasa zote. Sasa mimi nimwamini vipi mtu ambaye mwalimu wake hamwamini?"

Watu wawili watatu walicheka. Uso ulimshuka mwalimu. Alifahamu kicheko kile. Saa mbili zilizopita alikitengeneza mwenyewe.

"Nilikosea kusahihisha," alisema, kwa sauti ya kusikika na benchi zima. "Nilipiga mstari bila kusoma. Mtoto yuko sahihi. Tafadhali mshike mama mkono umhesabie mapigo, halafu ukinifukuza nitaondoka."

Labda ni lile neno mshike, au ni kutaka tu kumaliza. Tabibu alizunguka meza, akamshika bibi kifundo cha mkono, akatazama saa. Mwalimu alihesabu naye bila kutaka. Kati ya pigo na pigo kulikuwa na nafasi ndefu ya kutisha, na kila mara alidhani ndiyo imekuwa ya mwisho. Dakika ilipoisha tabibu hakuachia. Alihesabu dakika ya pili.

"Thelathini na nane," alisema polepole. "Mama, hizi taa zetu unazionaje?"

"Za manjano," bibi alijibu kwa uchovu. "Na nyinyi pia mnafulia nini?"

Tabibu hakucheka. Alimwita muuguzi, na muuguzi alipokuja alizungumza naye kwa haraka maneno ambayo mwalimu hakuyashika. Kitanda cha magurudumu kililetwa. Kabla ya kuingia nacho, tabibu aliirudia ile meza, akaichukua kazi ya Rula, akaenda nayo ndani.

Waliketi kwenye benchi mpaka saa kumi. Fundi alikaa mwisho mmoja, mkewe mwisho wa pili, na katikati yao shuka. Mara moja fundi aliinuka, akatembea mpaka kwenye mlango, akarudi akaketi pale pale. Mwalimu alitaka kumwomba radhi, lakini kila alipofungua mdomo aliona ni kama anaomba apewe alama. Aliogopa mlango ufunguke, kisha akaogopa usifunguke.

Daktari mkubwa ndiye aliyetoka, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Damu imepimwa. Dawa imezidi, na figo zimechoka kuliko ilivyodhaniwa. Hatapewa tena dawa ile. Atakaa kwenye mashine ya kusoma moyo.

"Mngempa na cha leo, sijui tungekuwa tunazungumza nini saa hizi," alisema. "Na msifikiri tumevuka. Nipeni siku tatu."

Siku hizo tatu mwalimu hakumbuki alikula nini. Mashine ilikuwa ikilia, na kila ilipobadilisha mlio aliinuka kitini. Mumewe alizungumza naye mambo ya lazima tu: shuka, zamu, nani anakaa. Siku ya pili bibi alipotewa na fahamu kwa nusu saa, na fundi alimwegemea mkewe begani. Alhamisi asubuhi bibi aliomba maziwa. Aliletewa, akaonja, akayatazama.

"Meupe," alisema. "Lakini baridi. Nani anamletea mgonjwa maziwa ya baridi?"

Fundi wa majokofu alitoka nje ya wodi akalia mpaka muuguzi akamletea kiti.

*

Ijumaa mwalimu alirudi kazini. Masomo yalipokwisha alimwita Rula darasani. Mabenchi yalikuwa yamepandishwa juu ya madawati, sakafu inanuka maji ya deki. Kazi ilikuwa mezani, imekunjika pembe kwa kupita mikononi mwa madaktari watatu. Saba ilikuwa imekatwa, na juu yake imeandikwa ishirini, na sahihi.

"Nilikosea mimi," mwalimu alisema. "Jumatatu nitalisema mbele ya darasa, kwa sababu mbele ya darasa ndiko nilikokucheka. Mama mkwe wangu alikuwa akimeza dawa hiyo. Yu hai kwa sababu ya ukurasa wako wa mwisho."

Alitarajia mtoto atatabasamu. Rula aliitazama ishirini kwa muda mrefu.

"Hakuna kosa hata moja, mwalimu?"

"Hata moja."

"Uliangalia vizuri? Labda pale kwenye moja ya tano."

"Nimeangalia mara tatu. Na daktari ameangalia. Hiyo moja ya tano uliipata wapi?"

"Kwa babu." Alisema kama anajibu swali la ubaoni. "Babu naye alikuwa akimeza dawa ya moyo, na alianza kuona manjano siku ya kidonge cha nane. Kwa hiyo nilitafuta sehemu itakayovuka mstari siku hiyo. Nilijaribu robo, haivuki kabisa. Nilijaribu moja ya sita, inavuka cha saba. Moja ya tano ndiyo iliyoangukia cha nane."

Mwalimu aliogopa kuuliza lililofuata, lakini alijua lazima aulize. "Babu yako yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana. Alifika cha kumi na mbili." Aliinyoosha pembe ya kazi iliyokunjika. "Mama alikuwa anatoka kazini jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nampa nikirudi shule. Alikuwa hataki. Nilimwambia asipomeza nitamsemea kwa mama."

Nje wanafunzi wa zamu walikuwa wakigonganisha ndoo. Mwalimu alikumbuka mtoto yule amesimama Jumatatu, darasa zima linacheka, akiomba jambo moja lile lile mara tatu, na yeye akidhani anabembeleza alama.

"Ulitaka nikuonyeshe kosa," alisema.

"Ndiyo. Nilipoona saba nilifikiri lipo."

"Hukujua, mwanangu. Mtoto wa miaka kumi na minne angejuaje? Mimi nilisoma mpaka karatasi ya dawa, na cha tisa nilimpa kwa mkono wangu huu."

"Lakini wako yu hai."

"Yu hai."

Rula alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomvunja mwalimu nguvu. Binti aliisogeza kazi kwa kidole mpaka karibu na kalamu nyekundu.

"Naomba iachwe saba, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kazi lazima isainiwe na mzazi. Mama akiona saba atanigombeza tu, basi. Akiona ishirini atafurahi, atakaa chini aisome yote." Aliigeuza kazi kifudifudi. "Naogopa akiisoma atajua kuwa ni vile vidonge nilivyompa babu."

Mwalimu alishika kalamu, akaiweka. Angeweza kuandika saba, isingemgharimu chochote, na mtoto huyu angeibeba siri yake peke yake mpaka uzeeni. Angeweza kuiacha ishirini amrudishe nyumbani nayo mkononi. Yote mawili yalimtisha.

"Mama yako anarudi saa ngapi?"

"Kumi na moja."

Aliifunga ile kazi ikiwa na ishirini yake, akaitia mkobani. "Tutakwenda wote. Nitaanza mimi, nimwambie ya kwangu. Halafu ya kwako tutamwambia pamoja."

Nyumba ilikuwa ya chini, vyumba viwili, kamba ya nguo mbele. Karibu na mlango Rula aliushika mkono wa mwalimu, na vidole vyake vilikuwa baridi. Mama yake alifungua akiwa bado na sare ya kazi. Alimwona binti yake, akamwona mwalimu, akauona mkono ulioshikwa, na uso ukambadilika.

"Amefanya kosa gani?"

"Hajafanya kosa lolote, Mama," mwalimu alisema.

Na hapo ndipo Rula alipoanza kulia.